Vidonda vya watoto vinavyopona na kurudi: tuzungumze kuhusu muwasho, kucha na upele

TabibuWaKata (mleta uzi)

Habari za jioni wanajukwaa. Nafanya kazi kwenye zahanati ya kijijini mkoani Morogoro, na uzi huu nauleta kwa sababu ya jambo ninalokutana nalo kila wiki.

Mama anakuja na mtoto mwenye vidonda matakoni, viganjani na katikati ya vidole. Vingine vina usaha, vingine vimefanya magamba ya rangi ya asali. Anatoa daftari la mtoto na unasoma mwenyewe: amoksilini mwezi uliopita, amoksilini mwezi wa nyuma yake. Kila mara vidonda vilikauka, vikakaa kidogo, vikarudi. Majirani wameshamwambia mtoto ana damu chafu.

Mtoto hana damu chafu, anawashwa. Mwache akae kwenye benchi kidogo tu uone vidole vinavyokwenda vyenyewe kiunoni na kwenye makalio, hata kama anacheka na wenzake. Halafu mshike mkono uangalie chini ya kucha. Pale ndipo ugonjwa ulipo.

Naomba nieleze taratibu maana hapa ndipo wengi tunapopotea. Ngozi yetu kwa kawaida inabeba bakteria. Karibu watu 3 kati ya 10 wana stafilokoko puani mwao, wazima wa afya, na hawana habari. Bakteria hao ni kama mgeni aliyekaa barazani: hana madhara mpaka mtu amfungulie mlango. Kucha ndiyo inayofungua. Mkwaruzo mmoja usioonekana hata kwa macho unatosha stafilokoko au streptokoko kuingia, na kwa kuwa mtoto huyo huyo amejikuna puani, akajikuna matakoni, akarudi mkononi, anajipandikizia mwenyewe mwili mzima.

Kwa nini haachi? Kwa sababu kujikuna kunaleta nafuu ya kweli, ila ya muda mfupi. Mkwaruzo unaleta maumivu kidogo, na maumivu hayo yanazima habari ya muwasho inapopita kwenye uti wa mgongo. Baada ya hapo ngozi iliyochubuka inavimba, inatoa kemikali zake, na muwasho unarudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Ndiyo maana kumwambia mtoto "acha kujikuna!" au kumchapa hakusaidii kitu. Usingizini utamchapa vipi?

Sasa, sababu za kuwashwa ni nyingi, lakini huku kwetu ninayokutana nayo zaidi ni upele. Nazungumzia upele wenyewe, ule wa mdudu, siyo kila kipele kinachotoka mwilini. Mdudu jike ana urefu wa kama milimita 0.4, anachimba njia kwenye ngozi ya juu na kutaga mayai 2 au 3 kwa siku. Mtu wa kawaida mwenye upele ana wadudu 10 hadi 15 tu mwili mzima. Muwasho wote ule unatokana na mwili kuwakataa hao wachache, pamoja na mayai yao na kinyesi chao. Na mdudu mwenyewe anatoa protini zinazopunguza nguvu ya kinga pale alipo, hivyo bakteria wakifika wanakuta njia nyeupe.

Ukimpa mtoto huyu amoksilini peke yake, unatibu kilichoingia na kumwacha aliyeleta muwasho. Mdudu haguswi na antibiotiki. Vidonda vinakauka, muwasho upo pale pale, kucha zipo pale pale, mwezi ujao mnaonana tena.

Nawakaribisha wenye uzoefu, maswali pia.

Mwl_Bweni

Mkuu umenigusa. Mimi ni mlezi wa bweni la wavulana, sekondari ya serikali. Kila muhula wa kwanza ni kilio hicho hicho. Vitanda havitoshi, vijana wanalala mzungu wa nne, mashuka wanaazimana, taulo wanaazimana. Mwaka jana tuliwatoa wote waliokuwa wanajikuna, tukawapeleka chumba cha peke yao, wakapakwa BBE, ile dawa ya maji ya kupaka ya upele, ngozi zikatakata kabisa. Kabla muhula haujaisha bweni zima linajikuna upya. Tukahisi dawa ni feki.

TabibuWaKata

Mwalimu, dawa inawezekana ilikuwa nzima kabisa. Tatizo ni kwamba mliwatibu wanaojikuna tu. Mtu akipata upele kwa mara ya kwanza maishani, anakaa wiki 4 hadi 6 kabla hajaanza kuwashwa, kwa sababu mwili bado haujawatambua wadudu. Muda wote huo anaambukiza. Kwa hiyo mlipowatoa waliokuwa wanajikuna, mliwaacha bwenini wenzao waliobeba wadudu bila dalili, halafu waliopona wakarudishwa kwenye vitanda vile vile. Safari hii ya pili muwasho hausubiri wiki, unaanza ndani ya siku chache kwa sababu mwili umeshawajua.

Bweni linatibiwa lote, siku moja, pamoja na mlezi, familia yake kama inaishi pale, na mpishi kama analala shuleni. Siku hiyo hiyo mashuka na nguo zinafuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Vile visivyofulika, funga kwenye mfuko wa nailoni siku 3 au zaidi. Mdudu akikosa mwili wa mtu hafiki mbali. Dawa inarudiwa baada ya wiki moja.

Najua utaniuliza hela ya kuwapaka wanafunzi wote inatoka wapi. Ni swali la haki. Ila piga hesabu ya antibiotiki mnazonunua kila muhula, na siku ambazo vijana wanasinzia darasani kwa sababu usiku kucha walikuwa wanajikuna.

MamaWawili

Mimi nasoma uzi huu machozi yananilenga. Mwanangu wa pili alianza hivyo hivyo, vipele mikononi, nikaambiwa joto. Nikawa namwogesha majani ya mwarobaini. Vidonda vikatokea, nikapaka GV, ile dawa ya zambarau, vikakauka. Nikashukuru Mungu.

Kama wiki tatu baadaye akaamka asubuhi macho yamevimba hayafunguki vizuri. Nikadhani ameumwa na mdudu. Kesho yake uso mzima, na mkojo wake ukawa kama chai ya rangi iliyokolea. Mama mkwe anasema mtoto kachezewa, tumpeleke kwa mtu. Baba yake akakataa, tukaenda hospitali. Presha ya mtoto ilikuwa juu, mtoto wa miaka sita! Daktari akatuambia figo zimevimba, na chanzo ni vile vidonda vya ngozi. Sikuelewa kabisa ngozi na figo vinakutana wapi. Tulilazwa, anaendelea vizuri sasa, bado anapimwa mkojo kila tukirudi kliniki.

TabibuWaKata

Pole sana dada yangu, na mshukuru baba watoto kwa kushika msimamo. Ngoja niwaeleze wengine ngozi na figo vinapokutana.

Kuna aina za streptokoko ambazo zikikaa kwenye kidonda, mwili unatengeneza kingamwili kupambana nazo. Mabaki ya mapambano hayo yanasafiri na damu na kunasa kwenye vichujio vya figo. Vichujio vinavimba. Maji na chumvi havitoki sawasawa, presha inapanda, damu inapita kwenye mkojo. Kwa vidonda vya ngozi mara nyingi inachukua kama wiki 3, na wakati huo kidonda chenyewe kinaweza kuwa kimeshapona, ndiyo maana watu hawaunganishi. Watoto wengi wanapona vizuri wakiwahi. Wakicheleweshwa, presha peke yake inaweza kumletea mtoto degedege.

Kwa hiyo mzazi yeyote anayesoma hapa: mtoto aliyekuwa na vidonda hivi karibuni, akiamka amevimba kope, au mkojo umebadilika rangi kuwa kama chai au soda nyeusi, au anakojoa kidogo, mpeleke kituo chenye kipimo cha presha na mkojo siku hiyo hiyo. Asubiri kesho ya nini.

Duka_la_Dawa

Niongezee kwa upande wa dukani, maana nauza duka la dawa muhimu. Mteja anakuja na tyubu iliyoisha, ananyoosha mkono: "Nipe hii, ya muwasho." Ukisoma ni krimu yenye steroidi, mara nyingi zile zenye mchanganyiko wa vitu vitatu, steroidi, dawa ya fangasi na antibiotiki. Anapaka, siku mbili muwasho kwisha. Anaona amepata dawa. Akiacha, unarudi na umesambaa. Anarudi kununua. Nina wateja ambao nimewaeleza mpaka nimechoka, wananiambia kama hutaki kuuza tutakwenda duka lingine, na kweli wanakwenda.

TabibuWaKata

Nakazia hapo kwa wino mzito. Steroidi inazima muwasho kwa kuilegeza kinga ya ngozi. Kwenye pumu ya ngozi hiyo ndiyo kazi yake na inasaidia sana, ikiandikwa na mtaalamu, kwa kiasi na kwa muda. Ukiipaka kwenye upele, mdudu anazaliana kwa raha zake huku mwenye ngozi akihisi nafuu. Kwenye fangasi ni hivyo hivyo: lile duara la mashilingi linapoteza kingo zake, linatanuka, mpaka hata sisi tunashindwa kulitambua. Na ngozi inakuwa nyembamba, inachanika kirahisi. Ukijikuna baada ya hapo, kidonda ni cha uhakika.

Kingine kinachoniuma ni haya madoa meusi yanayobaki baada ya kujikuna. Dada zetu wanayaonea aibu, wanahamia kwenye krimu za kung'arisha, nyingine zina steroidi kali ndani. Madoa yenyewe yanafifia kwa miezi kama muwasho umekoma. Kinachotakiwa ni kukomesha muwasho.

Simba_wa_Uluguru

Mimi nina wazo tofauti kidogo, mtanisamehe. Kila mnyama anajikuna. Ng'ombe, mbuzi, nyani, ndege. Kama kujikuna kungekuwa na hasara tupu Mungu asingetuumba hivyo. Na kuna utafiti wa mwaka 2025 wa chuo kikuu cha Pittsburgh, Marekani, ulioonyesha kujikuna kunapunguza bakteria kwenye ngozi. Sasa tuamini lipi?

TabibuWaKata

Swali zuri mkuu, na utafiti huo upo kweli. Walitumia panya. Waligundua kwamba mkwaruzo unaamsha seli za mzio zilizo kwenye ngozi, zinaita askari wa mwili, na stafilokoko wanapungua. Lakini utafiti huo huo ulionyesha kwamba uvimbe unazidi panya anapojikuna. Kwa maana hiyo kujikuna mara moja umeumwa na mbu ni jambo la maumbile, linaisha, hakuna anayelipinga. Mimi nazungumzia mtoto anayejikuna kila usiku kwa miezi.

Na kuna utafiti mwingine uliotoka 2023, wa chuo kikuu cha Harvard, ambao kwangu unaeleza mengi ninayoyaona hapa zahanati. Stafilokoko anatoa kimeng'enya kinachogusa moja kwa moja neva za ngozi na kuleta muwasho, hata bila ya uvimbe. Yaani bakteria aliyeingia kwa sababu ulijikuna, naye anakufanya ujikune. Ndiyo maana kidonda chenye magamba kinawasha kwenye kingo zake, mtoto anabandua gamba, majimaji yanashuka kwenye ngozi nzima ya jirani, na kesho kuna kidonda kipya.

Mzee_Makorora

Wanangu, mimi niko Tanga, nina kisukari mwaka wa kumi na kitu sasa. Miguu inaniwasha kwenye miundi, hasa usiku, ngozi imekauka kama samaki wa kuanika. Sina upele, nimeangaliwa. Nilikuwa najikuna kwa kitana. Ukatokea mchubuko mdogo, haukunishughulisha. Baada ya siku chache mguu mzima umevimba, wa moto, natetemeka kwa homa, na mtoki juu huku. Nililazwa na kuwekewa dawa za mshipa. Je, sisi wazee wa ngozi kavu tufanye nini?

TabibuWaKata

Shikamoo mzee wangu. Pole sana, na hongera kwa kupona na miguu yako yote miwili.

Kwako adui ni ukavu. Oga maji ya vuguvugu, yasiwe ya moto, sabuni tumia kwapani na sehemu za siri tu, miguu isuuze kwa maji. Ukitoka bafuni usijikaushe sana. Ngozi ikiwa bado na unyevu paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato, paka ya kutosha, na usiku paka tena. Kitana kiweke mbali. Ukizidiwa na muwasho bonyeza kwa kiganja au weka kitambaa kilicholowa maji baridi. Na sukari ikikaa juu bakteria wanapata nguvu na kidonda hakifungi, kwa hiyo vidonge usiviruke.

Niseme jambo moja kwa wote. Vitabu vingi vinasema maambukizi yanaonekana kwa wekundu. Kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri, unaweza kuona weusi zaidi au rangi ya zambarau iliyofifia. Tumia mgongo wa kiganja: linganisha joto la mguu huu na ule. Angalia kama ngozi inang'aa kwa kuvutwa, kama inauma ukigusa pembeni ya kidonda. Chora mpaka wa uvimbe kwa kalamu, ukiona umevuka mstari baada ya saa chache, nenda hospitali.

Nesi_Wete

Assalaam alaykum. Natoka Pemba. Nataka kuongeza historia ambayo vijana huenda hawaijui. Zanzibar ilianza kugawa dawa za matende na mabusha kwa wananchi wote mwaka 2001, ivermectini pamoja na albendazoli, nyumba kwa nyumba. Lengo lilikuwa matende. Lakini vituoni kesi za upele zikapungua sana miaka ile, na hilo likaja kuandikwa kitaalamu. Ivermectini ilikuwa inaua wadudu wa upele bila ya sisi kupanga.

TabibuWaKata

Wa alaykum salaam dada Nesi, ahsante sana. Kule Fiji walilifanya jambo hilo kwa makusudi na matokeo yakachapishwa 2015: kundi waliogawiwa ivermectini watu wote, upele ulishuka kwa asilimia 94 ndani ya mwaka, na vidonda vya bakteria vikashuka kwa asilimia 67. Angalieni hapo wakuu. Vidonda vya usaha vilishuka kwa dawa isiyoua bakteria! Waliondoa muwasho, kucha zikatulia. Kwangu huo ndio ushahidi mkubwa kuliko wote kwa hiki ninachokisema. Shirika la Afya Duniani nalo liliuingiza upele mwaka 2017 kwenye orodha ya magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele.

Tahadhari tu: vidonge hivi visitumiwe na mjamzito wala mtoto wa chini ya kilo 15, na msinunue vya mifugo.

Kisanga_Mahenge

Mkuu huku kwetu Mahenge kuna watu wanawashwa miaka na miaka, ngozi inakuwa ngumu kama ya mjusi, BBE haifanyi kitu. Hao nao ni upele?

TabibuWaKata

Huko fikiria usubi kwanza. Unaletwa na nzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi, na wilaya yenu ya Ulanga ni eneo lake linalojulikana. Minyoo midogo inatembea chini ya ngozi, inawasha sana, na ikifika machoni inaharibu kuona. Wasikose zoezi la kugawa dawa likipita kijijini. Vidonda vyao vya kujikuna vinatibiwa kama vingine, lakini BBE siyo yao.

Kwa upele, njia rahisi ya kuutofautisha: unazidi usiku, wako zaidi ya mmoja ndani ya nyumba, na unashika sehemu zake, yaani katikati ya vidole, kifundo cha mkono, kwapa, kiuno, kuzunguka chuchu, sehemu za siri. Kwa mtoto mchanga hata viganja, nyayo na kichwa. Ukiwa na wasiwasi, paka wino wa kalamu juu ya kipele, futa kwa pamba yenye spiriti. Kama kuna njia ya mdudu, wino unazama na kubaki kimstari chembamba kilichopindapinda. Wenzetu waliosomea ngozi pale hospitali ya KCMC Moshi, ambako kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, wana darubini za mkononi, lakini kalamu ipo kila kijiji.

MamaWawili

Daktari swali la mwisho. Mkubwa wangu, miaka minane, naye ameanza kujikuna na ana vidonda viwili vya usaha mkononi. Nina chupa ya BBE ndani. Nimpake leo?

TabibuWaKata

Usianze na BBE juu ya kidonda kibichi dada, itamchoma na hatakubali tena kupakwa. Kesho mpeleke kituoni apate antibiotiki inayomfikia stafilokoko, kama kloksasilini. Amoksilini peke yake mara nyingi inashindwa kwa huyo bakteria. Ukikumbuka ya mdogo wake, mweleze daktari habari ya figo mapema. Vidonda viloweke kwa maji safi ya vuguvugu na sabuni mpaka magamba yalegee, yatoe taratibu. Kucha kata zote leo usiku.

Baada ya siku moja au mbili za antibiotiki ndipo upake. Kwa miaka yake, BBE ya asilimia 25 inachanganywa sawa kwa sawa na maji: kifuniko kimoja cha dawa, kifuniko kimoja cha maji. Paka kuanzia shingoni mpaka nyayo, usiruke katikati ya vidole, chini ya kucha wala makalio. Ikae saa 24. Akinawa mikono, paka mikono tena. Siku hiyo hiyo na nyinyi wote, wewe, baba, mdogo wake, na dada wa kazi kama yupo. Kama yumo mtoto wa chini ya miaka miwili au mjamzito, niambie, maana kipimo chao ni kingine.

Atajikuna bado kwa wiki 2 mpaka 4 hata kama wadudu wote wamekufa, kwa sababu mabaki yao yamo kwenye ngozi. Hapo ndipo watu wanapaka BBE kila siku, ngozi inaungua, inawasha zaidi. Rudia mara moja tu baada ya wiki, kisha mafuta ya mgando. Vikitoka vipele vipya baada ya mwezi, rudini.

MamaWawili

Sare ya shule na sweta? Hilo sweta analalia hata kitandani.

TabibuWaKata

Sare fua maji ya moto. Sweta la sufu usilichemshe, litafinyaa. Lifunge kwenye mfuko mpaka wiki ijayo.